Majirani Wasio na Macho

Mzee Bagula hakuwa mtu wa kuitwa mara mbili. Hyacinthe, mwanawe wa kwanza, alipompigia simu kutoka Columbus na kumwambia, "Baba, mutoto anatushinda, uje," mzee alikunja nguo zake, akatia Biblia na miwani ya kusomea mfukoni mwa koti, akapanda basi la asubuhi kutoka Louisville. Walipovuka mto Ohio alilitazama lile daraja jipya lililokuwa bado linajengwa, akajiuliza vyuma vile vinashikanaje kabla ya pande mbili kukutana. Ndivyo alivyokuwa. Kitu asichokielewa kilimwasha kama upele.

Alikuwa na haki ya kujivuna kidogo. Kwao Bukavu alikuwa mshona suti, na shule aliiacha akiwa mdogo. Louisville alipanga maboksi ghalani mchana, jioni akaenda shule ya watu wazima, mpaka akapata cheti cha sekondari kichwa kikiwa kimejaa mvi. Cheti hicho kilining'inia sebuleni mahali ambapo wengine huweka picha ya harusi. Tangu hapo maandishi hayakumpita: alisoma maelezo ya dawa, matangazo ya kituo cha basi, hata karatasi inayowekwa ndani ya viatu vipya. Na hakupenda mtu amsomee.

Mtoto aliyewashinda alikuwa Alliance, binti wa Hyacinthe, aliyekuwa mwaka wa mwisho wa sekondari huko Westerville, kaskazini mwa Columbus. Tangu kiangazi alisikia watu wakimsema mahali pasipo na mtu. Aliacha kula pamoja na wenzake, halafu akaacha kwenda shule. Walimu wakampeleka kwa daktari wa magonjwa ya akili, mwanamke, naye akampa vidonge na kumwambia arudi kila Jumanne wazungumze. Mama yake, Gentille, kazi yake ilikuwa kuwatunza wazee wa Kimarekani na kuwanywesha dawa zao za kila namna. Lakini dawa za bintiye mwenyewe alizificha ndani ya ndoo ya unga wa muhogo, wageni wasizione.

"Bon, Baba," Hyacinthe alisema usiku ule mzee alipofika, "watu wa kanisa wameanza kuuliza. Alliance iko na wadogo zake. Siku watakuja kuposa, unajua kwetu wanauliza nini kwanza."

Mzee alijua. Kwao, kabla ya kuulizia tabia ya msichana wala mikono yake kazini, watu walituma mtu aulize kichinichini kama nyumba ile ina kichaa.

"Donc umupeleke Lackawanna, kwa Généreuse," Hyacinthe akaendelea. Généreuse alikuwa dada yake, aliyeishi pembeni mwa Buffalo. "Pasta Ezéchias atamuombea kule mpaka apone. Hapa tutasema ameenda kwa shangazi yake kupumuzika."

"Na dawa?"

Hyacinthe akamtia kichupa mkononi bila kukitazama. "Wewe ndiye mukubwa wetu. Ukifika kule, useme mbele ya watu kama aziache ao aendelee. Neno lako ndilo tutafuata."

Mzee alikitia kichupa mfukoni, karibu na Biblia. Kusema kweli, neno lake alikuwa nalo tayari. Hakuona sababu ya mtoto kumeza kitu kwa ajili ya sauti, na hakuwaamini madaktari wasiopima damu.

Asubuhi basi lilitoka Columbus likielekea kaskazini. Alliance alikaa dirishani, kofia ya sweta imemfunika mpaka kwenye nyusi. Mapajani alikuwa na kitabu kidogo kinene cha maktaba, kimejaa michoro. Alipoinama kulala, mzee akakivuta taratibu.

"Hii ni nini?"

"Manga," Alliance akasema bila kufumbua macho. "Katuni za Kijapani. Ya msichana mgonjwa kama mimi. Nikusaidie, Babu?"

"Kusoma nilijifunza," alijibu mzee, akavaa miwani.

Akakifungua kama anavyofungua Biblia. Ukurasa wa kwanza karibu wote ulifunikwa na kibandiko cha maktaba, na juu yake lilichungulia neno moja tu la Kiingereza, kubwa, lililomwambia msomaji asimame. Mzee akafikiri ni onyo kwa watoto wanaochorachora vitabu vya watu. Yeye hakuwa na kalamu mkononi. Akaendelea.

Alisoma kwa bidii, kidole kikifuata picha kutoka kushoto kwenda kulia. Kwanza alimwona msichana wa nywele fupi akicheka na rafiki yake kwenye kituo cha treni, jua limejaa ukurasa mzima. Kisha msichana yule akawa ameketi mbele ya daktari mwenye miwani. Baadaye daktari yule alibadilika: miwani yake ikawa nyeupe kama vigae viwili, macho hayaonekani. Kurasa zilizofuata zilikuwa na kitanda cha hospitali, halafu giza likaanza kula pembe za picha. Mwishowe msichana alikuwa peke yake chumbani, kuta zinamwaga maneno, na mama yake anafunga mlango kwa ufunguo. Mazungumzo nayo yalimshangaza. Mtu alijibu kwanza, ndipo akaulizwa. Labda ndivyo wanavyozungumza wagonjwa, aliwaza, na akamsifu mchoraji kwa kulijua hilo.

Alipofunga kitabu, moyo wake ulikuwa umetulia, kama mtu aliyepata shahidi. Akamgusa mjukuu wake begani.

"Kitabu chako iko na akili," alisema. "Kinasema vile ninasema mimi."

Alliance akafumbua jicho moja. "Kinasema nini?"

"Mutoto alikuwa muzima, anacheka na wenzake. Wakamupeleka kwa daktari. Kutoka pale, kila ukurasa anazidi kuharibika, mpaka mama yake akamufungia. Mujapani ameonyesha wazi. Hawa madaktari ndio wanaanzisha ugonjwa."

Alliance aliketi wima. Alikitazama kitabu, akamtazama babu yake, kisha akatazama kidole chake kilichokuwa bado kimeshika jalada la kushoto. Halafu kicheko kikamtoka. Kilianza puani, akakizuia kwa mkono, kikamshinda. Mama mmoja wa kiti cha mbele akageuka. Mzee hakukumbuka lini alikisikia kicheko kile mara ya mwisho, na kwa hiyo hakukasirika upesi kama ambavyo angekasirika.

"Babu, umesoma kwa nyuma."

"Nani amesoma kwa nyuma?"

"Wajapani wanaanza huku." Akakipindua, akamfungulia upande wa kulia. "Na picha unafuata hivi, kutoka kulia. Lile neno la kusimama lilikuwa la watu kama wewe. Umeanza na siku aliyopona, umemrudisha chumbani."

Mzee alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena. Mashamba ya Ohio yalipita dirishani, mahindi yamekwisha kuvunwa. Mtu mwenye cheti ukutani hapendi kuambiwa hivyo na mtoto, lakini tayari alikuwa anawashwa.

"Leta," alisema. "Na kama nikipotea, uniambie. Polepole, watu wasisikie."

Safari hii walikisoma pamoja, mzee anauliza, mjukuu anaeleza. Alliance alijibu kwa Kiingereza alipochoka kutafuta maneno, na babu akauliza kwa Kiswahili, wakaelewana hivyo hivyo.

"Maneno haya yanayotoka ukutani, mbona hayana kile kiputo cha mazungumzo?"

"Kiputo kina mkia unaoonyesha anayesema. Haya hayana mkia kwa sababu hakuna anayesema."

Mzee akausogeza ukurasa karibu na miwani. Sauti aliyoisikia mjukuu wake hakuwahi kuwaza inafananaje. Alidhani ni kama ndoto, au kama mtu mkaidi anayejisingizia. Sasa aliiona ikishuka ukutani kama maji ya mvua, ikiingia kwenye sahani ya msichana, ikikaa juu ya kijiko.

"Na kwako ni hivi?"

"Karibu. Zangu zinakuja zaidi jikoni."

"Zinasema nini?"

Alliance alifunga na kufungua zipu ya sweta. "Kwamba ninyi mnanionea aibu. Ubaya ni kwamba siwezi kubisha."

Mzee akageuza ukurasa, akausahau upande, akarudi nyuma, akasahihishwa. Sasa walikuwa mlangoni mwa nyumba ya msichana. Majirani walikuwa wamesimama na vikapu vyao vya sokoni, wamechorwa vizuri, nywele, vifungo na viatu, lakini nyuso zao hazikuwa na macho.

"Mchoraji alisahau?"

"Hapana. Ni watu wanaomtazama bila kumuona."

"Na mama huyu anawaambia nini?"

Alliance hakumsomea. Akaweka kidole kwenye kiputo, akamwacha asome mwenyewe. Mama alikuwa akiwaambia majirani kwamba binti yake ameenda kwa shangazi yake kupumzika.

Mzee alisoma mara ya kwanza, akasoma tena. Mkono wake ukaenda mfukoni penye kichupa, ukakaa hapo.

Cleveland walibadilisha basi, wakanunua chai ya mashine iliyokuwa na ladha ya karatasi. Kwenye basi la pili mzee alirudi kwa daktari.

"Miwani hii nyeupe sasa. Kwa nini wanamuchora kama mwizi?"

"Manga nyingi zinafanya hivyo," Alliance akasema. "Humo daktari wa akili ni mtu mbaya, anakufunga. Ao mgonjwa ndiye muuaji, ndiyo siri ya kitabu, unaijua kabla hujafika nusu. Nimezisoma nyingi. Zile zinanitia hasira. Hii naipenda kwa sababu ya miwani. Angalia." Akapitisha kurasa. Katika kila ziara weupe wa miwani ulipungua, kidogo sana, mpaka jicho moja likaonekana, halafu la pili. Lilikuwa jicho la kawaida tu, lenye uchovu. "Daktari hakubadilika. Ni msichana aliyeanza kumuona."

"Na wako wa Columbus?"

"Wangu anavaa miwani pia. Siku za kwanza sikuweza kumtazama. Jumanne iliyopita niliona ana macho ya kijani." Kisha akasema upesi, kama mtu anayetupa mzigo: "Babu, sauti zinapungua. Hazijaisha, zinapungua. Nikikosa kwenda, nafasi yangu atapewa mtu mwingine, na kuna watu wengi wanaingoja. Papa anasema wewe ndiye utakayesema. Basi ujue unachokisema."

Hakuna mjukuu aliyewahi kumwambia hivyo. Mzee alitazama ziwa lililoanza kujitokeza kati ya miti, halafu akauliza neno ambalo Alliance hakulitarajia.

"Kuomba je? Unakataa kuombewa?"

"Sikatai. Napenda Pasta Ezéchias akiimba. Nakataa kufichwa."

Walifika Lackawanna jua likiwa bado juu ya mitambo ya upepo, pale ambapo zamani kulikuwa na kiwanda cha chuma. Uzio wa Généreuse ulikuwa bado umelala upande mmoja, tangu ile theluji kubwa ya mwaka uliotangulia. Ndani watu walikuwa wanangoja: Généreuse na kilemba chake cha Jumapili, Pasta Ezéchias, na wazee watatu wa kanisa na wake zao. Kwao mgeni hakuulizwa neno kabla ya kula. Walinawa, wakala bugali na sombe ya majani ya muhogo na samaki, na Alliance akala akiwa ameinamia sahani. Mikono ilipokauka, Généreuse akasema kama desturi ilivyotaka, "Bon, Baba. Tupe habari za safari."

Habari za safari hutolewa na mkubwa wa safari, tangu mwanzo mpaka mwisho, wala hakatizwi. Kila mtu pale alijua atakachosema: mtoto amechoka na masomo, amekuja kupumzika, mtusaidie kwa maombi. Maneno hayo yalikwisha kushonwa tayari. Alibakiwa na kuyavaa tu.

Mzee Bagula aliweka kichupa mezani, kati ya sahani.

"Mutoto huyu ni mugonjwa," alisema. "Ugonjwa wa akili. Anasikia sauti, na hazina mwenyewe. Iko na daktari Columbus, na dawa ni hizi, ataendelea kuzimeza. Hyacinthe alitaka niseme amekuja kupumuzika. Mimi nilikuwa nimekubali, na dawa nilitaka aziache. Nilikuwa nimeanza habari mwishoni. Pasta, utamuombea leo na kesho, na tutashukuru. Jumanne anarudi kwa daktari wake."

Mzee alizitazama nyuso zilizoizunguka meza, moja moja, kwa udadisi uleule aliotazamia picha. Mmoja alisoma kibandiko cha chupa ya soda. Mwingine alikuwa akikunja kitambaa. Mke wa mzee mmoja wa kanisa alikuwa ameanza kufunga kanga yake kama anayetaka kwenda. Macho hayakuwepo. Alliance naye aliyatafuta, na mzee aliona mkono wake ukivuta kofia ya sweta mbele.

Généreuse ndiye aliyeinua macho yake kwanza. Yalikuwa mekundu. Alimtazama mtoto wa kaka yake, akamtoa kofia ile kichwani kwa mkono wake mwenyewe, kama anayemvua mtoto aliyetoka kwenye baridi.

"Bibi yetu mzaa mama," alisema polepole, "tulimufungia chumba cha nyuma miaka yote. Tulisema iko kijijini." Kisha akamgeukia baba yake. "Basi la kurudi linatoka Jumatatu saa ngapi? Nitaenda naye mimi. Hyacinthe niachieni, nitaongea naye."

Yule mama wa kanga alikaa tena, ingawa ukingoni mwa kiti. Pasta Ezéchias alinyoosha mkono akachukua kitabu kilichokuwa kando ya Alliance, pengine ili mikono ipate kazi, akakifungua, akaanza kutazama picha ya kituo cha treni.

"Pasta," alisema Mzee Bagula, akavuta kiti chake karibu naye, "pindua. Wanaanzia huku."