Machozi ya Bwana Shangwe

Mara ya kwanza Bwana Shangwe alipolia mbele ya kipaza sauti, watu walimpigia makofi. Ilikuwa harusi ya binti wa mwalimu mkuu mmoja, ukumbi umefurika mpaka wengine wamekalia maboksi ya soda. Yeye ndiye aliyekuwa mshereheshaji, kazi aliyoifanya miaka kumi na tisa bila kukosa la kusema hata siku moja. Akatamka, "Sasa namkaribisha baba wa bi harusi aseme neno," na hilo neno likamkwama yeye kooni. Midomo ikamcheza, pua ikajaa, machozi yakamwagikia ratiba mpaka wino wa "kukata keki" ukachuruzika. Wageni wakadhani ni mbwembwe mpya. Kabla hata viti havijakusanywa, akina mama wawili walikuwa wameshamfuata: "Na kwetu uje utulilie hivyohivyo."

Akaenda, akalia. Akalia kwenye mahafali ya chekechea. Akalia kwenye uzinduzi wa duka la magodoro, hadi mwenye duka akamvuta pembeni na kumnong'oneza, "Kaka, wateja watadhani yanaumiza mgongo."

Mkewe ndiye aliyekata kauli. Alikuwa muuguzi, mtu asiyependa maneno mengi, ingawa aliolewa na mwenye mengi.

"Baba watoto, utaonana na mshauri nasaha. Nimekutafutia mmoja anayezungumza na watu kwa simu ya video. Jumanne, saa kumi."

"Mimi? Nikae mbele ya mtu nimmwagie mambo yangu? Mimi ndiye ninayewachangamsha watu!"

"Jana umelilia kitunguu ambacho hata sijakimenya."

Bwana Shangwe akamkabidhi simu yake.

Fomu ikaja kwenye simu. Iliuliza kama analala vizuri, kama anakula, kama ameshawahi kupata msaada wa namna hii. Mwisho ikauliza: unatarajia nini? Akafikiri sana, kisha akaandika: "Dawa ya macho."

Jumanne alivaa suti yake ya rangi ya maziwa, akafunga tai ya kipepeo, akajifungia stoo katikati ya nyaya na vigingi vya mahema. Sebuleni mama mkwe wake, aliyekuwa akiishi nao, alikuwa amekaa na wenzake watatu wa kikundi cha kushona. Kwa bahati mbaya, humo humo sebuleni ndimo ilimokuwa ile spika kubwa ya kazini, yenye kipaza sauti ndani yake, imewashwa ili mama mkwe asikilize redio. Na simu ya Bwana Shangwe, kama ilivyozoea kwenye kila shughuli, ilijiunga na ile spika bila kumwuliza mtu.

Kwenye kioo akamwona mama wa makamo mwenye miwani, midomo ikicheza kimya. Akaigonga simu. Akaisogeza sikioni. Mara ukuta wa stoo ukatetemeka.

"KARIBU SANA. JAMBO LA KWANZA: YOTE UTAKAYOSEMA HAPA NI SIRI KATI YANGU NA WEWE."

Sebuleni sindano nne zilisimama hewani.

"HEBU NIAMBIE, NI NINI KILICHOKULETA HAPA?"

"Mimi ninaishi hapa," mama mkwe akaijibu spika. "Mwaka wa nne sasa."

"NA UNAJISIKIAJE?"

"Magoti, mwanangu. Magoti yananimaliza. Halafu mkwe wangu naye, mtu mzima na suti yake, kila siku kulia…"

Bwana Shangwe alitoka stoo mbio, akajikwaa kwenye nyaya, akaingia sebuleni kwa kupiga magoti na kuchomoa waya wa umeme. Wale wenzake mama mkwe wakainama kwa pamoja juu ya vitambaa vyao, wakashona kwa bidii ambayo hawakuwahi kuwa nayo.

Aliporudi stoo, mshauri alikuwa bado yupo, ameziba mdomo kwa mkono, na mabega yanamcheza.

"Samahani," akasema. "Wapo watu mtandao unawafaa kabisa. Wewe nadhani unahitaji chumba chenye mlango. Njoo ofisini Alhamisi."

"Na mama mkwe?"

"Ukipenda, mwambie nina mwenzangu anayeona wazee."

Ofisi ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la miwani. Bwana Shangwe alitegemea kukuta kitanda, maana kwenye picha za mitandaoni wagonjwa hulala. Alikuta viti viwili, dirisha, saa ya ukutani na kimeza chenye boksi la karatasi laini.

Mshauri akamweleza bila haraka. Wangekaa dakika hamsini. Siri ingebaki humo, isipokuwa kama maisha ya mtu yangekuwa hatarini. Swali asilotaka kulijibu aliache. Siku za mwanzo angeweza kurudi nyumbani akiwa amechoka, hata akajisikia vibaya kuliko alivyokuja. Na kama wasingeivana, amwambie, angemtafutia mshauri mwingine wala asingenuna.

Bwana Shangwe akasimama, akakohoa. "Mheshimiwa mshauri, meza kuu…" Akakitazama kimeza. Hata hivyo akaendelea. Akasimulia habari ya bwana harusi aliyelala usingizi kwenye hotuba ya mjomba. Akasimulia habari ya keki iliyokatwa na mgeni wa harusi ya ukumbi wa jirani. Mshauri alicheka, cheko la kweli la mpaka kuvua miwani, na Bwana Shangwe akajisemea moyoni, huyu nimeshammaliza.

Kisha mama yule akanyamaza. Hakununa, alinyamaza tu.

Katika kazi ya Bwana Shangwe, kimya cha sekunde tano ni ajali. Akatazama dirisha. Akahesabu vigae. "Kinachofuata kwenye ratiba…" akaanza.

"Humu hakuna ratiba," mshauri akasema kwa upole. "Hivi, ni lini mara ya mwisho ulikuwa kwenye shughuli bila kushika kipaza sauti?"

Akatafuta miaka yote ile, hakupata. Hata mazishi ya baba yake, miezi kumi na moja nyuma, aliyasherehesha yeye. Watu walimsifu: kila kitu kilikwenda kwa saa. Dada yake mkubwa aliposimama na karatasi yake kumzungumzia marehemu, aliongea kidogo tu, ndiyo kwanza akaigusa habari ya baiskeli. Bwana Shangwe akatazama saa, akasogeza kipaza sauti mdomoni: "Dada, kwa heshima na taadhima, dakika moja." Dada akaikunja karatasi, akakaa.

"Sijui alitaka kusema nini," Bwana Shangwe akasema, na machozi yakaja. Safari hii hakuna aliyepiga makofi. Mshauri alisukuma lile boksi karibu kidogo, basi.

Alipomaliza kupenga, akauliza, "Sasa nifanye nini?"

"Wewe unaonaje?"

"Mshauri, nimepanda ngazi zote zile ili wewe uniambie!"

"Najua. Wengi huja hivyo."

Alirudi nyumbani amekasirika. Lakini Alhamisi iliyofuata akaenda tena, na nyingine, na baada ya Alhamisi ya nne akajikuta amesimama mbele ya duka la dobi la dada yake, bila tai.

Dada alikuwa anapiga pasi shati, mvuke umemzunguka. Hakuinua macho.

"Dada, ile karatasi yako ya siku ya baba unayo?"

"Niliitupa."

"Dada…"

"Mimi niliyekufundisha kufunga vifungo," akasema, pasi ikienda na kurudi, "mbele ya watu mia tatu, unanipa dakika moja."

"Nilikosa. Nisamehe, dada yangu."

Akaishia hapo. Maneno mengine yalimjaa mdomoni, mazuri, yenye vina hata, akayameza yote. Dada akamaliza mkono mmoja wa shati, akamaliza na wa pili. Kisha akakisukuma kikapu kwa mguu.

"Kaa hapo. Na simu uizime."

Akaanza. Baba yao alijifunza baiskeli akiwa na miaka hamsini. Kukanyaga alijua, kushuka hakujua. Jioni alikuwa anaizunguka nyumba, mzunguko baada ya mzunguko, akiita, "Jamani, nishikeni!" Na aliyekuwa akitumwa kumdaka kwenye kona ya jikoni alikuwa Bwana Shangwe mwenyewe, mtoto wa miaka sita, mikono ameitandaza.

Bwana Shangwe alikuwa amesahau kabisa. Akacheka mpaka akateleza kikapuni, katikati ya kucheka akalia, na dada naye akalia juu ya shati la watu, ikabidi alirudie. Wateja wakaingia, wakaona hali, wakasimama kando ya mlango wakisikiliza habari ya baiskeli.

"Mama, mimi nimefuata suruali zangu," mmoja akasema, "lakini kwanza, huyo mzee alishukaje?"

"Subiri," dada akamjibu, akishika pasi upya. "Hapo bado sijafika."