Mapovu ya Mwamba wa Taa

Kazi niliyopewa na kijiji ilikuwa kuhesabu mapovu. Usicheke. Mwaka wa sabini na nne, wiki mbili baada ya Idi, tulipata wageni sita kutoka Sweden waliokuja likizo na mitungi ya hewa ili wazamie na kutazama samaki. Si kuwavua, si kuwala, kuwatazama tu. Wanawake wenzangu walicheka mpaka wakakaa chini. Na kwa kuwa mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, siku ya tatu wageni wale walipelekwa kupalilia mihogo ya kijiji, wakarudi na malengelenge, wamefurahi.

Kiongozi wao, Bwana Olofu, alikuwa amefundisha shule kule Lindi miaka minne, na Kiswahili alikijua. Aliomba apewe mtu anayeijua miamba. Mwenyekiti akanitaja mimi, Moza binti Kibwana, kwa sababu nachokoa pweza tangu nina miaka minane na hakuna shimo nisilolijua. Basi kila asubuhi nilipanda mashua ya kijiji pamoja na nahodha wetu, Mzee Ismaili, nikawaonyesha wageni pa kushukia. Walizama wawili wawili, na kila wawili walifanya fungu lao la mapovu juu ya maji. Mafungu matatu. Yakichemka yote matatu, na mimi napumua. Moja likipotea, nasimama mashuani mpaka nilione tena. Kazi gani hiyo ya kumpa mtu mwenye hasira kama mimi!

Siku ile ninayoisema, Alhamisi, nilikuwa na hofu nyingine juu ya hiyo, na hofu hiyo ilikuwa nyumbani kwangu.

Mume wangu Likwata ni mtu wa bara, Mmwera, aliyeshushwa pwani na lori wakati wa Operesheni Vijiji, yeye na jembe lake na kuku wawili. Mwonyeshe mkorosho, atakuambia utazaa lini. Bahari aliisoma ukubwani, kwa kukariri. Mtu mmoja aliyekuja kuvunja mawe ya barabara alimfundisha kuvua kwa baruti, akamwachia chupa nne zilizojazwa baruti. Somo lenyewe lilikuwa fupi: penye mapovu pana samaki, washa, hesabu tatu, tupa. Sisi tuliozaliwa hapa tunajua kwamba mapovu ya dagaa hayakai mahali pamoja. Yanahama, na ndege wanayafuata kwa juu. Mapovu yaliyosimama, bila ndege, si ya samaki. Likwata hakulijua hilo, na mimi sikumwambia, maana nani atamfundisha mumewe kuvua kwa baruti?

Jumatatu nilizikuta zile chupa chini ya kitanda, ndani ya kapu la mtama. Nikamwambia kitu hicho kitoke nyumbani kwangu leo hii. Akasema, "Nitoe, halafu tule nini? Wavu sijui kutega. Shamba la kijiji limetupa debe moja." Nikamtolea maneno ambayo mke hapaswi kumtolea mumewe, naye akanijibu vivyo hivyo. Tangu hapo tukawa hatusemezani. Nampakulia, anakula, anaondoka. Mzee Ismaili aliniona nimenuna akasema, "Kimya kingi kina mshindo mkuu, mwanangu." Nikamjibu kwamba mshindo na uje, mimi sianzi kusema.

Jumatatu hiyo jioni Mwenyekiti alitangaza mkutanoni kwamba wiki nzima wageni watazamia Mwamba wa Kasa, na mvuvi yeyote asikanyage kule. Likwata alikuwepo, alisikia. Bwana Samaki, yaani Ndugu Yahya wa idara ya uvuvi kutoka Kilwa Masoko, naye alisimama akasema yake: safari hii anayeificha baruti na anayeitupa watapanda gari moja la polisi. Aliposema vile nilitazama vidole vyangu vya miguu.

Usiku wa kuamkia Alhamisi mvua ya kwanza ikanyesha. Asubuhi maji ya Mwamba wa Kasa yalikuwa tope tupu. Bwana Olofu akaniuliza kama kuna mahali pengine, na mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, nikasema twende Mwamba wa Taa, kule kweupe. Hatukurudi kijijini kumwambia mtu. Niseme kweli: nilimkumbuka Likwata. Nikasema moyoni, kama angekuwa mtu wa kusemezwa ningemwambia jana kwamba mvua ikichafua Kasa tutahamia Taa. Kisha nikaendelea kununa.

Ndugu Yahya tulikuwa naye mashuani siku hiyo. Bwana Samaki mzima, na bahari haimpendi. Nanga haijashika vizuri alikwishatapika mara mbili, akajilaza chini ya turubai na kofia usoni. Wageni wakashuka. Wawili, wawili, kisha Bwana Olofu na Bibi Inga, mama mtu mzima mwenye kibao cha kuchorea samaki chini ya maji. Mapovu yakapanda, mafungu matatu. Mawili yakabaki karibu na mashua. La Bibi Inga likaanza kusogea polepole kwenye ukingo wa mwamba, mbali na sisi, kisha likatulia huko, hatua mia na hamsini hivi. Nadhani aliona kitu akataka kukichora.

Hapo ndipo ngalawa ilipotokea upande wa juu wa upepo.

Niliitambua kwa tanga lake lenye kiraka cha gunia, kiraka nilichokishona mimi. Ilikuwa peke yake, na mtu mmoja. Alikuwa anafanya uangalifu, maskini! Kasa kumekatazwa, basi kaja Taa, asimsumbue mtu. Mashua ya kijiji ameiona, ila mashua ya kijiji haimtishi yeyote. Atadhani tunavua kwa mshipi. Yahya aliye chini ya turubai hamwoni. Akateremsha tanga, akasimama, akatazama maji. Nikajua ameyaona mapovu.

Nilipaswa kupiga kelele saa ile ile. Sikupiga. Ningelitaja jina lake, Yahya angeamka, na Likwata angekwenda gerezani. Nilinyamaza kwa muda wa pumzi tatu, nikiomba Mungu awainue wale wawili wasogee, ampeleke Likwata kwingine, afanye lolote ila nisiseme mimi. Hizo pumzi tatu sijazisahau mpaka leo, na sidhani kama nitasamehewa kwa urahisi.

Kisha nikafanya upumbavu. Nikafungua kanga yangu ya kichwani nikaipunga kwa nguvu, maana yangu toka, ondoka. Lakini kwetu mwanamke akisimama mwambani akapunga kanga, anaita chombo: njooni, samaki wako hapa. Ndivyo tunavyowaita waume zetu tangu zamani, na hilo Likwata alijifunza siku ya kwanza aliyofika pwani. Alinyanyua kofia yake akaitikisa juu. Alifurahi. Alidhani mkewe amemsamehe na anamwonyesha kitoweo. Akashika kafi, akapiga haraka haraka kuelekea mapovuni.

"Yule Likwata?" akauliza Mzee Ismaili kwa sauti ya chini.

"Ndiye."

"Ana baruti?"

Likwata alikuwa ameweka kafi chini, na ncha ndogo ya moto ikaonekana mdomoni mwake. Mume wangu havuti sigara. Sigara ile ilikuwa ya kuwashia utambi.

Sasa nikapiga kelele. Nikamwita kwa jina lake, jina la baba yake na majina mengine yasiyoandikika. Upepo ulinirudishia yote mdomoni. Mzee Ismaili akavuta kamba ya nanga, nanga imeng'ata mwamba. Nikajirusha majini.

Naogelea vizuri, lakini siku ile maji yalikuwa mazito. Nilikuwa nameza chumvi na kuhesabu kama mjinga: moja, mbili, tatu, moja, mbili, tatu. Kila nilipoinua kichwa nilitafuta mkono wake. Mara ya kwanza ulikuwa chini. Mara ya pili umeshika chupa. Chini yangu, nilipotazama, niliwaona wale wawili wamepiga magoti mchangani, Bibi Inga anachora, nywele zake nyeupe zinayumba, hana habari. Mapovu yao yakanipanda tumboni na kifuani. Nikaibuka katikati yake, nikanyoosha mikono yote miwili.

"Likwata! Mimi! Mimi Moza! Kuna watu chini!"

Utambi ulikuwa umeshawaka. Alikuwa karibu sasa, nilimwona macho. Angeweza kuitupa chupa nyuma yake, lakini hata hapo ni karibu mno na wale wa chini, na nadhani alilijua. Akaushika utambi kwa mkono wa kulia akauchomoa chupani pamoja na fataki yake, kile kidude kinacholipua baruti, ili aurushe hewani. Ukamlipukia mkononi. Mlio haukuwa mkubwa, kama tawi kavu likivunjwa. Chupa ikaanguka ndani ya ngalawa, salama. Likwata akakaa kitako, akautazama mkono wake.

Vidole vitatu havikuwepo. Nilipanda ngalawani, nikamfunga kwa shati lake mwenyewe, nalia na kumtukana. Yeye alisema neno moja tu, "Tangazo lilisema Kasa." Nikashika kafi, nikaipeleka ngalawa kwenye mashua, kwa sababu sanduku la dawa la wageni lilikuwa huko na pengine hapakuwa pa kwenda.

Ndugu Yahya alikuwa amesimama, uso umempauka, amekwishaona ya kutosha. Wageni wakaibuka mmoja mmoja. Bibi Inga alitoka akicheka, akituonyesha kibao chake: samaki taa mkubwa, madoa yake yote yamo. Alipoona damu akaacha kucheka, akafungua sanduku la dawa, akaanza kuusafisha mkono wa Likwata na kuufunga kwa kitambaa cheupe, akimsemesha polepole kwa lugha yao kama mtu anavyombembeleza mtoto. Bwana Olofu alikuwa ameiona chupa. Hakumtafsiria Likwata hata neno moja.

Yahya akatoa daftari na kalamu mfukoni. "Jina lako?"

"Likwata."

"Hii baruti uliiweka wapi?"

"Porini."

"Na huyu mama aliyeogelea kukufuata ni nani wako?"

Likwata hakunitazama. "Simjui. Ni mtu wa mashua yenu."

Mzee Ismaili akageukia bahari. Mimi nilijua kabisa kwamba wakiniacha hivyo hivyo, jioni nitakuwa nyumbani kwangu nasonga ugali. Nilitaka sana kwenda nyumbani.

"Ni mume wangu," nikasema. "Baruti ilikuwa chini ya kitanda changu, si porini. Na nilimwona anakuja, nikakaa kimya kwanza."

"Moza, nyamaza," akasema Likwata.

"Siku tatu nimenyamaza. Tazama mkono wako."

Yahya aliishika kalamu bila kuandika. Alikuwa kijana mwenye huruma, na bado alikuwa na matapishi kwenye kola ya shati. "Mama," akasema, "nikishaandika, sifuti."

"Andika," nikamwambia. "Moza binti Kibwana. Zimebaki chupa tatu, ziko kwenye kapu la mtama."