Kibonge na Ndama Wake

Jumatatu saa mbili na robo asubuhi, Mayunga aliegemeza fimbo yake kwenye uzio wa yadi ya magari pale Ifakara, akalizunguka lori jipya mara mbili kama mtu anavyomzunguka mtamba mnadani, kisha akaweka kiganja ubavuni, nyuma kidogo ya tangi la dizeli. Ndama alipiga teke. Mayunga aliacha kiganja palepale mpaka teke la pili, akakiondoa taratibu, akakohoa, akatazama pembeni.

Miezi minane na ushee, alikadiria. Alikuwa amefuga ng'ombe tangu ana meno ya utoto na hakuhitaji kuambiwa na mtu. Mwenye yadi, kwa dalili zote, hajui. Na katika biashara ya ng'ombe, asichokijua muuzaji si kazi ya mnunuzi kumfundisha. Aliifuta mikono kwenye shuka lake, akaenda kuuliza bei kwa sauti ya mtu anayepita njia tu.

Lori lenyewe lilikuwa la tani kumi, la Kichina, rangi ya buluu, viti bado vimevikwa nailoni. Watu wa bonde walikuwa wameibatiza aina hiyo Kibonge kwa jinsi tumbo lake lilivyokaa chini, na tangu mwezi wa sita hakukuwa na jina lililotajwa zaidi ya hilo, hata kanisani. Sababu ilikuwa tangazo. Lilikuwa limebandikwa kwenye ofisi za vijiji vya ng'ambo ya mto: ng'ombe wote watoke kwenye tambarare kabla ya mwisho wa mwezi wa kumi. Waende wapi, tangazo halikusema. Labda karatasi iliisha. Basi kila mfugaji akakaa peke yake na kuwaza, kwa siri kubwa, auze mifugo, anunue Kibonge, abebe mpunga wa watu. Wafugaji thelathini na kitu wakaja kukutana na siri zao getini kwa Alfonsi, mwenye yadi, ambaye alikuwa akiletewa Kibonge watatu kwa mwezi.

Mayunga alikuwa na ng'ombe mia mbili na watatu, na siku kumi na tisa.

"Shikamoo mzee," alisema Dativa, binti wa mauzo, bila kuinua macho kutoka kwenye kalkuleta.

"Marahaba, mwanangu. Hako kagari kenu ka buluu mnakauzaje?"

"Milioni mia na kumi na nane."

Mayunga alitikisa kichwa kwa huzuni. Akasema miguu ni mifupi. Akasema macho yamekaa mbalimbali, na gari la namna hiyo huwa halioni vizuri jioni. Akasema kiuno kimebonyea. Dativa alimsikiliza mpaka mwisho kwa adabu zote, akabonyeza kalkuleta, akasema sasa ni milioni mia na ishirini, maana wakati mzee anaongea mteja wa Mngeta alikuwa amepiga simu. Mteja wa Mngeta alikuwa akipiga simu kila mara mtu alipofungua mdomo kuomba apunguziwe. Hakuna aliyewahi kumwona, ila alikuwa na fedha nyingi na haraka isiyo na mfano.

Ng'ombe siku ile, kule mnadani, alikuwa anakwenda kwa laki nane. Hiyo ni ng'ombe mia na hamsini. Mayunga akasema atafikiria, akaenda kukaa kwenye benchi la nje na wenzake wenye siri.

Alikosea Jumatano. Mfugaji ni mfugaji, hata akijikaza vipi. Alikuja na bonge la chumvi ya ng'ombe mfukoni, akaliweka chini mbele ya bampa, na Kibonge akalilamba mpaka likaisha. Halafu, kwa sauti ambayo aliidhani ya kawaida, akamwomba Dativa lori lisogezwe kivulini, na lisipigwe stata kwa fujo asubuhi, "maana mambo haya yanataka utulivu." Dativa alizaliwa kwa wauza samaki wa Kivukoni, pale mtoni. Ng'ombe hakuwajua, lakini alimjua mnunuzi anayependa kitu halafu anakitukana. Akaingia ndani kumwita bosi.

Alfonsi alitoka, akamtazama Mayunga, akamtazama Kibonge, akatuma mtu amlete bwana mifugo.

Bwana mifugo, Evaristo, alifika na pikipiki yake, akavaa glavu ndefu ya kufika begani, akaipaka sabuni, akaingiza mkono kwenye bomba la moshi akiwa ameangalia juu kama wanavyofanya wote. Watu wa kwenye benchi walinyamaza kumpisha. Alipotoa mkono, akaandika kwenye daftari: mimba, miezi minane na wiki tatu, mlalo mzuri, dume. Akadai elfu thelathini za huduma. Alfonsi akamwelekeza kwa mteja.

"Mzee Mayunga," Alfonsi alisema kwa uchungu wa mtu aliyeibiwa na ndugu yake, "mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza, bosi."

"Hapa sasa unanunua magari mawili."

"Nanunua moja. Mnadani mtamba akiuzwa na mimba, ndama anamfuata mama yake. Haulizwi mtu."

"Hapa siyo mnadani."

"Na juzi bei ilipopanda nikiwa bado naongea, hapo palikuwa wapi?"

Alfonsi akacheka, akampigapiga mgongoni. "Wasukuma bwana, kwa maneno hamjambo!" Akaagiza soda mbili, akazilipa mwenyewe, jambo ambalo lingepaswa kumtisha mtu yeyote mwenye akili zake.

Walivutana siku tatu. Alfonsi alianzia milioni mia moja na arobaini na tano, Mayunga akasimama na kuaga mara nne, na mara nne akaitwa arudi kabla hajafika kwenye fimbo yake. Kila alipoitwa, bei ya Kibonge ilishuka kidogo, na kila alipopiga simu mnadani, bei ya ng'ombe ilikuwa imeshuka zaidi. Mnunuzi mkubwa pale mnadani alikuwa Zakayo, aliyemwoa dada yake Alfonsi. Mashemeji hao walikuwa wanapendana sana na walipigiana simu mchana kutwa kujuliana hali. Ijumaa Alfonsi akakubali milioni mia na thelathini, mimba ikiwa ndani yake. Ijumaa hiyohiyo Zakayo akasema ng'ombe ni laki sita na nusu, na kwamba hata hiyo anatoa kwa sababu ya huruma.

Ng'ombe mia mbili. Mayunga alipiga hesabu kwa vidole, akaipiga tena kwa vijiti, akaona inakuja mle mle. Walibaki watatu wa maziwa, ambao mke wake Nyamizi alisema watafungwa nyuma ya nyumba, na atakayekuja kuwatoa na tangazo lake aje amtoe na yeye. Zakayo akachukua kundi, akalipa moja kwa moja kwa shemeji yake. Fedha za miaka thelathini hazikupita mkononi mwa Mayunga hata kwa kusalimiana.

Dativa alikuwa anaandika risiti. Gari moja, jipya, buluu. Akasimamisha kalamu.

"Tuandike na ndama, mzee?"

Tuseme ukweli, alimuuliza. Alfonsi mwenyewe alikuwa amekaa palepale na asingeweza kumzuia mbele za watu. Lakini Mayunga alishtuka kama amesikia tusi. Ndama wa tumboni hahesabiwi. Baba yake hakuhesabu, babu yake hakuhesabu. Ukimhesabu kabla hajaiona ardhi unamwita fisi.

"Uchuro huo, binti. Acha azaliwe kwanza."

"Mila ni mila," Alfonsi akasema upesi, akasimama kwa heshima, na kwa mkono wake mwenyewe akafunga kitabu cha risiti. Akamweleza kwamba kadi ya gari iko njiani, aje Jumanne. Akampa kalenda.

Kibonge alizaa Jumapili, watu wakiwa misani. Mlinzi wa yadi, Evod, alisema ilikuwa kazi ya nusu saa na hakukuwa na tabu yoyote. Kirikuu cha buluu, kigari kidogo cha mizigo, kilitoka na magurudumu ya mbele kwanza, kimelowa oili, kikalala kidogo kwenye kokoto, kikajaribu kusimama mara tatu, mara ya nne kikasimama. Matairi yalikuwa bado laini. Kondo la nyuma lilikuwa turubai zuri la mita sita, na Evod alilichukua kuezekea banda la kuku. Alimpigia Mayunga simu kumpa hongera, na Mayunga akampongeza Nyamizi, na Nyamizi akapiga kigelegele kimoja, kifupi, kwa kuwa bado alikuwa na hasira ya wale ng'ombe mia mbili.

Jumanne kadi ilikuwa mezani. Moja.

"Na ya mdogo?" Mayunga aliuliza.

"Mdogo yupi?" Alfonsi akauliza, huku kirikuu kikipita dirishani kikikimbizana na kuku. "Aah, yule. Yule amezaliwa ndani ya yadi yangu, mzee wangu, Jumapili, wewe hujakabidhiwa. Na risiti inasema gari moja. Nilitaka iandikwe, ukakataa mwenyewe. Dativa shahidi."

Dativa alisema ni kweli, alikataa. Alisema akiangalia kalkuleta, iliyokuwa imezimwa.

Mayunga aligeuka kulitazama benchi la nje. Alikuwa amenywa soda, akatajiwa bei na mimba ikiwa ndani yake; neno lilikuwepo, tena mbele ya watu. Wale wa kwenye benchi walikuwa wamesikia pia, lakini kila mmoja wao alikuwa bado hajapewa Kibonge wake, na mtu asiyepewa bado huwa hasikii vizuri. Mmoja tu, mzee Mashimba, alinong'ona bila kugeuza shingo: "Ng'ombe wa maskini hazai. Akizaa, huzalia kwa tajiri." Kisha akarudi kuangalia viatu vyake.

Mayunga akapokea ufunguo. Ana lori, akajiambia, na lori ndilo alilolifuata. Kibonge akaondoka vizuri, akapita mzani wa yadi, akafika getini, akazima. Mayunga akapiga stata. Kibonge hakuitika. Badala yake alilia honi ndefu, nzito, bila mtu kuigusa, na kule nyuma ya ofisi, ambako kirikuu kilikuwa kimefungiwa, honi nyembamba ikaitikia.

Hakuna mfugaji wa kutafsiriwa jambo hilo. Ng'ombe aliyenyang'anywa ndama huyakaza maziwa, na ukimpiga unajichosha. Mayunga alishuka, akamkuna kwenye paji la bodi, akamwimbia kidogo wimbo wa kukamulia. Akashona ndama wa bandia kwa gunia na pumba za mpunga, akampaka oili chafu, akamweka kwenye kiti cha pembeni. Kibonge akamnusa, akamtema nje kupitia dirisha. Bwana mifugo Evaristo aliitwa, akathibitisha kuwa Kibonge ana uchungu wa mtoto, akadai elfu thelathini.

Alfonsi alikuja na mikono mfukoni. Alisema yeye si mtu mbaya. Alisema kuna mtu wa Mngeta anakitaka kirikuu, lakini moyo wake unamwambia mama na mtoto wasitenganishwe, kwa hiyo, kwa hasara yake mwenyewe, atakitoa kwa ng'ombe watatu.

"Ng'ombe wangu wameisha, bosi."

"Unao watatu," alisema Zakayo, aliyekuwa amesimama nyuma ya geti tangu asubuhi, na kamba tatu begani.

Walivuka daraja la Kivukoni saa nane mchana, Kibonge mbele akiunguruma kwa raha, kirikuu kikimkimbilia ubavuni na kujifinya kwake kila pikipiki zilipopita. Zakayo alikaa kwenye kiti cha pembeni, akisifia viti. Walipofika nyumbani Nyamizi alizitazama zile kamba, akamtazama mume wake, akaelewa yote bila kuuliza, na yale maneno aliyomwambia Mayunga mbele ya mgeni hayaandikiki. Zakayo akayasubiri yaishe, akawafunga ng'ombe watatu. Hakuwa na usafiri wa kuwarudisha Ifakara. Kwa hiyo mzigo wa kwanza kubebwa na Kibonge ukawa wao, na nauli haikutajwa, kwani Zakayo alisema watu wakishafanya biashara kubwa hivi wanakuwa ndugu.

Asubuhi iliyofuata Nyamizi aliamka kwa mazoea, akachukua kibuyu chake, akaenda zizini. Kirikuu kilikuwa kimeingiza pua chini ya tangi la mama yake na kinanyonya, taa zake za nyuma zikitikisika. Alisubiri kishibe, kama ilivyo desturi. Kilikunywa lita ishirini na mbili za dizeli, dizeli ambayo Mayunga alikuwa amekopa. Kisha Nyamizi akachuchumaa, akajaribu kukamua na yeye. Ilitoka dizeli. Alijaza kibuyu robo, akakinusa, akakiweka kando kwa ajili ya taa.

Kisha akachemsha maji, akatia majani, akawamiminia watoto chai ya rangi. Omega, kitindamimba, alikiangalia kikombe chake muda mrefu, akaangalia nje, ambako lori lililogharimu ng'ombe mia mbili na watatu lilikuwa likimlamba mtoto wake kioo cha mbele.

"Baba," akauliza, "huyu ataanza lini kutoa maziwa?"

"Akizoea," Mayunga alisema, akamsogezea mtoto sukari.