Wanyama wa Mwalimu Peres

Mwalimu Peres alijifunza wanyama wake huku akipiga pasi. Kabla hajawa mwalimu alikuwa yaya wa familia moja ya Kihindi kule Ngara, na kila asubuhi nyanya wa nyumba ile, ambaye kila mtu alimwita Ba, alitandika mkeka sebuleni akawageuza wajukuu wake kuwa paka, chura, nyoka na korongo. Ba mwenyewe, mwanamke mzima wa mvi tupu, aliweka viganja chini, akainua makalio juu, akatazama nyuma kupitia katikati ya miguu yake, sari na yote. Huyo alikuwa mbwa anayejinyoosha. Siku ya kwanza Peres aliunguza shati la mwenye nyumba kwa kukodoa macho.

Alipozoea, akaanza kuona mengine. Mjukuu mdogo aliyekuwa akijikwaa hata mahali pasipo na kitu aliacha kujikwaa. Mwingine, aliyekuwa akikaa kama gunia la viazi, sasa alikaa wima.

"Hii yoga," Ba alimwambia siku moja kwa Kiswahili chake cha jikoni, akimgonga uti wa mgongo kwa kidole. "Mgongo iko nguvu, mkono nashika kalamu."

Mwaka wa sitini na nane Ba na wanawe walifunga virago wakaenda Uingereza. Peres, aliyekuwa amesoma hadi darasa la nane kwao Nyanza, akapata kazi katika shule ya nasari mtaani Satellite, mwendo mfupi kutoka Kabiria alikopanga chumba na mumewe, Shem. Shule yenyewe ilikuwa jengo la mbao na mabati lililosimamishwa kwa harambee, na kamati yake ilikuwa kubwa kuliko jengo.

Mwaka wa kwanza alifundisha a, e, i, o, u kama alivyoagizwa. Kisha akaletwa Twahir.

Twahir alikuwa na miaka minne na alifika shuleni mgongoni mwa mamake, amefungwa kwa leso kama mtoto mchanga. Mamake, Mabruka, alikuwa mtu wa Mombasa. Mumewe, Abdalla, aliuza vitambaa katikati ya mji.

"Homa ilimlegeza miguu, Mwalimu," Mabruka alisema. "Daktari asema hana kitu, ati atakaza mwenyewe. Basi mimi nangoja akaze, na mgongo wangu ndio unaolegea."

Peres alimtazama mtoto akikaa kwenye benchi. Alikaa kama gunia la viazi.

Kesho yake alisukuma mabenchi ukutani, akatandaza magunia safi sakafuni, akawaambia watoto kwamba leo hawatakuwa watu. Watoto hawakuhitaji kuambiwa mara mbili. Walikunja migongo wakawa paka, wakainua makalio wakawa mbwa. Walichuchumaa wakawa vyura, mapaja yakafanya kazi. Walilala kifudifudi wakainua vifua wakawa nyoka, migongo ikafanya kazi. Walisimama kwa mguu mmoja wakawa korongo, na hapo wengi walianguka kwa furaha kubwa. Kila baada ya korongo, miguu ikiwa imechoka, alipiga makofi mara moja, nao wakashuka kwa magoti na viganja wakawa ng'ombe: tumbo chini, kichwa juu, muuu, mgongo juu, kichwa chini, muuu. Neno yoga hakulitamka. Aliyaita mazoezi ya wanyama, akaona ametumia busara.

Muhula haukwisha kabla Twahir hajaanza kuja shule kwa miguu yake, akishikwa mkono. Alianguka njiani, lakini aliinuka mwenyewe, na mara nyingine aliinuka kwa kurukaruka kama chura, jambo lililowafurahisha wapita njia. Mabruka alifurahi mno, na furaha yake ndiyo iliyoleta balaa. Alimsimulia kila jirani, kila muuza mboga, kila mama aliyechota maji bombani. Habari ilipofika kwa kamati haikuwa tena kwamba mtoto mmoja ametembea. Ilikuwa kwamba Mwalimu Peres anawageuza watoto kuwa wanyama.

Mkutano uliitishwa Jumamosi. Watu wazima walikalia mabenchi ya watoto, magoti yakiwafika kidevuni, na mwenyekiti, Zedekiah, karani wa ofisi moja mjini na mzee wa kanisa, akafungua kwa sala ndefu iliyowataja wanyama wote wa safina isipokuwa mmoja.

"Mwalimu," alisema alipomaliza, "sisi hatuna ubaya na wewe. Lakini mwanangu juzi ameingia nyumbani kwa tumbo, anafanya ssss. Mimi nilimpeleka shule awe mtu. Nyoka tunamjua alifanya nini pale bustanini."

"Ni mazoezi ya mgongo, mwenyekiti," Peres alisema. "Mtoto akiinua kifua hivi, mgongo unapata nguvu. Mtoto wa mgongo dhaifu hawezi kukaa vizuri, na asiyekaa vizuri hawezi kuandika."

"Sikatai mgongo. Nakataa nyoka."

Nyoka akaondolewa. Kisha Mabruka, aliyekuja kumtetea mwalimu, akainua mkono kwa haya. "Mimi mazoezi nayapenda, Mungu ni shahidi. Ni huyo mbwa tu. Mwanangu akibweka ndani ya nyumba ile, babake ataosha sakafu mara saba." Mbwa naye akaondolewa. Mama mmoja akasema paka mweusi ni mnyama wa wachawi. Peres akasema paka wake hana rangi. Paka akaondolewa hivyo hivyo ili kusiwe na maneno. Chura aliponea chupuchupu, kwa kura.

Wakati huo wote Kihara alikuwa amekaa karibu na mlango, kofia juu ya goti. Kihara alikuwa kijana wa chama pale mtaani, ingawa ujana ulikuwa umemwacha siku nyingi. Aliuliza polepole:

"Na hii ng'ombe, Mwalimu. Ni ya kike ama ni fahali?"

Hakukuwa na mtu mle ndani asiyejua kwamba fahali alikuwa alama ya chama cha upinzani, na kwamba chama hicho kilikuwa kimepigwa marufuku mwaka uliopita tu. Watu walikuwa wamewekwa ndani kwa mambo madogo kuliko kulia muuu.

"Ni ng'ombe tu, Bwana Kihara," Peres alijibu. "Hatujamwangalia."

Mtu alicheka nyuma, akakigeuza kicheko kuwa kikohozi. Kihara hakucheka. "Na wewe kwenu ni wapi tena?"

"Nyanza."

"Aa," alisema Kihara, akaishia hapo. Nyanza ndiko chama cha fahali kilikokuwa na wafuasi wengi. Peres alimfikiria Shem, ambaye tangu mwaka uliopita alikuwa akisoma gazeti akilikunja ili jirani asione ni ukurasa gani. Aliona ulimi wake ukienda wenyewe.

"Lakini tuna jogoo," alisema.

"Jogoo?" Kihara aliinua kichwa.

"Jogoo, ndiyo. Anasimama kwa mguu mmoja. Ndiye wetu mkubwa."

Na papo hapo, mbele ya kamati nzima, korongo akawa jogoo. Kihara alitabasamu. Jogoo alikuwa alama ya chama chake, chama tawala, na hakuwahi kuona elimu ya nasari ikifuata mkondo mzuri namna ile. Akatangaza kwamba mwezi ujao mgeni wa heshima angetoka mjini kuja kufungua tangi jipya la maji la shule, na watoto wangemwonyesha jogoo. Ng'ombe asionekane wala asisikike.

Jioni Shem alisikiliza habari yote bila kuacha kula. "Wafundishe kuhesabu," alisema. "Nambari hazina chama."

"Nambari hazikazi miguu," Peres alisema.

Tangu hapo mazoezi yakawa ya jogoo peke yake, mpaka watoto wakachoka. Kihara alikuja kuwakagua, akawapanga kwa mistari uani kwenye jua, akawarekebisha mikono iwe kama mbawa. Alipoondoka tu, Peres aliwaingiza ndani, akapiga makofi mara moja, wakashuka wote wakapumzisha miguu kwa ng'ombe, midomo imefumbwa. Hakuona njia nyingine. Mguu wa mtoto hauwezi kuwa jogoo asubuhi nzima, na Twahir ndiye aliyekuwa wa kwanza kutetemeka.

Siku ya tangi ilifika. Mgeni wa heshima alichelewa, kama wageni wa heshima wanavyopaswa, na alipofika alikuwa mtu mnene, mchangamfu, wa suti ya kijivu. Zedekiah aliomba, Kihara alishukuru, Zedekiah akamshukuru Kihara. Ndipo watoto wakatolewa, wamepakwa mafuta wakang'aa, wakasimama mistari miwili mbele ya viti vya wageni.

"Jogoo!" Kihara aliita.

Miguu ikainuliwa pamoja. Mikono ikatandazwa. Hata Peres aliona walikuwa wanapendeza. Twahir alikuwa mstari wa mbele, ulimi nje kwa bidii, na mguu wake wa kushoto umekaza kama mguu wa meza. Kule nyuma Mabruka alikuwa amejiziba mdomo kwa ncha ya leso.

"Safi sana!" mgeni alisema. "Wabaki hivyo hivyo, wapigwe picha."

Mpiga picha alifungua kamera, akakuta filamu imekwisha, akaanza kutafuta nyingine mfukoni. Jogoo wakasubiri. Magoti yakaanza kutikisika. Mgeni, kwa kujaza muda, akasimama kueleza namna nchi inavyosimama imara, na kila alipofika mwisho alikumbuka jambo jingine. Hatimaye alimaliza, na Zedekiah, mtu wa adabu, akapiga makofi. Alipiga mara moja, peke yake, kwa sababu wengine hawakuwa na hakika kama kweli hotuba imekwisha.

Watoto walikuwa na hakika.

Twahir alishuka wa kwanza, magoti na viganja vumbini, tumbo chini, kichwa juu. Akamtazama mgeni wa heshima usoni, akalia, "Muuu!" Nasari nzima ikamfuata. Baada ya wiki nyingi za midomo iliyofumbwa, sauti ilitoka na madeni yake yote. Migongo ikapanda, migongo ikashuka. Muuu ile ilisikika mpaka barabarani, ambako mbuzi wa mtu alijibu.

Kihara alikuwa kijivu kama suti ya mgeni. Alisema, "Si sisi," ingawa hakuna aliyemuuliza. Zedekiah alifumba macho akaanza kuomba tena, kimoyomoyo, midomo ikichezacheza. Peres alisimama pale pale ukutani, akijiuliza kama Shem angepata muda wa kula chakula cha mchana kabla polisi hawajaja kumchukua.

Mgeni wa heshima aliinama mbele, mikono juu ya magoti.

"Ng'ombe!" alisema, na uso wake ukafunguka kama wa mtoto. "Jamani, mimi nimelelewa na ng'ombe! Nimechunga mpaka nikaota ndevu! Sasa ninao wa gredi, wale wa kizungu, huko shambani, na hata mmoja hawezi kukunja mgongo namna hii." Alicheka mpaka akatoa leso akajipangusa macho. "Hawa ndio wafugaji wetu wa kesho. Nani ameanzisha jambo hili?"

Kihara alipiga hesabu. Kisha akapiga hatua mbele, kofia mkononi.

"Ni mpango wetu hapa mtaani, Mheshimiwa," alisema. "Wa kukuza mwili ya mtoto. Tulianza na jogoo, tukaona ng'ombe pia ni muhimu kwa maendeleo."

Makofi yakapigwa, safari hii na watu wote, na watoto, waliosikia makofi mengi kuliko walivyofundishwa, wakawa kila kitu kwa pamoja: vyura, paka, na mtoto wa Zedekiah, kwa ustadi mkubwa, nyoka. Mgeni aliwasifu wote. Mabruka alikuwa akilia waziwazi, akimwambia mama asiyemjua aliyekaa karibu naye, "Ule mguu uliosimama ule, niliubeba mimi."

Peres hakuudhika kama alivyotarajia. Kama wangemuuliza yeye, ingembidi aeleze habari za Ba, na dini ya Ba, na pasi, na kila mtu angekuwa na la kusema. Alishusha pumzi, akaenda kuwanawisha watoto vumbi kwa maji ya tangi jipya, ambalo kumbe bado halikuwa na maji.

Baada ya siku chache Kihara alikuja shuleni saa za chakula cha mchana, bila kofia. Alizunguka darasa, akasoma herufi ukutani kana kwamba hajapata kuziona. Nasari nyingine za eneo lile la Riruta, alisema, zimemwita akaeleze ule mpango. Walimu wangetaka kuonyeshwa.

"Sasa, Mwalimu," alisema, akitazama dirisha, "hiyo kitu, mtu huanza wapi?"

Peres angeweza kusema mengi. Alitandaza magunia. Kihara alivua koti, akalikunja vizuri, akavua viatu, na soksi moja ilikuwa imetoboka kidoleni. Alijaribu chura akakwama. Alijaribu paka akasema kiuno kimelia. Korongo hakumjaribu kabisa.

"Basi lala chali," Peres alimwambia. "Mikono kando. Fumba macho, pumua polepole. Hata Ba alimalizia hivi."

"Ba ni nani?"

"Pumua tu, Bwana Kihara."

Alipumua. Akapumua tena, taratibu zaidi, uso ukalegea, mikunjo ya paji ikaondoka mmoja mmoja. Punde si punde alikuwa akikoroma. Watoto walirudi kutoka uani wakamkuta hapo, amelala katikati ya darasa, koti kando, kidole gumba nje ya soksi. Walimzunguka kwa heshima. Msichana mmoja, Kasyoka, alichuchumaa amwone vizuri.

"Mwalimu," alinong'ona, "huyu ni mnyama gani?"

Peres alimtazama kwa muda mrefu, kwa haki kabisa.

"Bado sijajua," alisema. "Msimwamshe."