Mashina Matatu Aliyong'oa Lazarus

Mvua ndefu za mwaka wa tisini na sita, mzee Lazarus aliingia shambani na jembe akang'oa mashina matatu ya majani chai, mazima, yanayochipua vizuri. Kijiji kizima cha Roret kikasema ugonjwa umempanda kichwani. Mkewe Chepkosgei alipomwuliza, mzee, mwalimu mstaafu, akamtegea kitendawili.

"Ninayo moja. Ikate mkia, haigawanyiki. Ikate kichwa, haigawanyiki."

Chepkosgei akashindwa, akampa mji wa Kericho wote. Mzee akaupokea, akacheka, jibu asitoe. Mwezi haukuisha wakamzika.

Sasa wanawe wawili wa kiume walikuwa wameketi mbele ya mama yao.

"Mama, shamba tugawe," alisema Kipkemoi, mdogo. "Mashina ni elfu tatu mia nane. Kila mtu elfu moja mia tisa."

"Na Chelangat?"

Dada yao alisimama mlangoni na birika la chai. Alirudi kutoka kwa mume miaka sita iliyopita, na tangu hapo majani ya shamba hilo ndiye aliyeyachuna.

"Msichana hagawiwi shamba, Mama. Hiyo unajua."

"Si elfu tatu mia nane," Chelangat akasema polepole. "Baba aling'oa matatu."

Mathew, kaka mkubwa, mwalimu kama baba yake, akaandika: 3797. Akagawa kwa mbili, ikabaki moja. Akajaribu tatu, saba, kumi na tatu. Akakumbuka kitendawili cha baba alichowasimulia mama. Akakata mkia: 379. Tena: 37. Ikabaki 3. Akarudi akakata kichwa: 797, 97, 7.

"Mama, hii ni namba tasa. Hata ukiikata, kila kipande hakigawanyiki."

Chepkosgei akawatazama watoto wake watatu. Kumbe jibu lilikuwa shambani muda huu wote.

"Si ni shina moja tu limezidi?" Kipkemoi akasema. "Tuling'oe, hesabu igawanyike."

Mama akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na jembe la marehemu.

"Haya. Chagua."

Wakamfuata shambani. Kipkemoi akapiga shina la kwanza mara moja, mara ya pili, mara ya tano. Mzizi mnene kama mkono haukutikisika. Akatazama mapengo yale matatu kwenye mstari.

"Baba alikuwa mgonjwa. Aliwezaje?"

"Siku tatu," Chepkosgei akajibu. "Kila jioni nilimkanda mikono, analia."

Kipkemoi akarudisha udongo juu ya mzizi, akaukanyaga kwa mguu. Chelangat akajitwika kikapu, akaanza kuchuna. Kitambo kidogo, Mathew akauliza kama kuna vikapu vingine viwili.