Barua Iliyolala Mfukoni

Katika ofisi ile ya posta hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Mama Muhuri, kwa sababu alipogonga muhuri juu ya bahasha, hata mteja wa dirisha la mwisho alishtuka. Alikuwa na miaka ishirini na sita katika chumba cha kuchambulia barua, na kila karani mgeni alipita mikononi mwake kabla hajaruhusiwa kugusa hata kadi ya salamu. Somo la kwanza lilikuwa moja tu: barua si yako. Usiipendelee, usiichukie, na jioni usiondoke ukaacha kitu mezani. Makarani walimcheka pembeni, lakini walimtii, maana kwenye jambo hilo hakuwa na utani.

Kanisani napo alikuwa vivyo hivyo. Ndiye aliyeongoza maombi ya akina mama kila Jumatano, na ombi lake lilijulikana mpaka kwa watoto wa shule ya Jumapili: Bwana, chukua vyote nilivyo navyo. Alilisema kwa sauti ya mtu asiye na wasiwasi. Sasa tuseme kweli, alikuwa na nini cha kuchukuliwa? Alikuwa na nyumba ya vyumba viwili, cherehani iliyokwisha kuchoka, na binti mmoja. Nyumba na cherehani Mungu angevichukua siku yoyote aliyotaka, wala asingeulizwa.

Binti alikuwa mkunga. Alikuwa ameomba kazi katika hospitali ya misheni huko milimani, mwendo wa siku mbili kwa basi, ambako wanawake hujifungulia njiani kwa kukosa mtu wa kuwapokea. Alisema anasikia Mungu anamwita huko. Mama yake alimjibu vizuri tu, kwamba wamwachie Mungu afanye mapenzi yake, huku moyoni akimshauri Mungu mapenzi hayo yawe hapa hapa mjini. Mumewe, baba wa binti huyo, alikuwa dereva wa lori; aliaga kwa safari ya siku mbili akarudishwa ndani ya jeneza. Tangu hapo hizo siku mbili, zikitajwa tu, zilimkata maini.

Barua ikaja siku ya Jumatatu. Aliitambua kwa nembo ya hospitali kabla hajasoma jina la binti yake, akaipima kiganjani. Mtu aliyezeeka na barua hahitaji kufungua bahasha. Ya kukataliwa huwa karatasi moja, nyepesi. Hii ilikuwa nene, ina fomu za kujaza. Mwanangu kapata, alijiambia, wala hakufurahi. Akaangalia kulia na kushoto kama mwizi wa sabuni, akaitia kwenye mfuko wa ndani wa koti lake la kazi. Ni kwa leo tu, alijiambia, mpaka apate maneno ya kumwambia.

Maneno hayakupatikana. Jumatano aliongoza maombi na barua ikiwa kifuani, akamwambia Bwana achukue vyote, na akina mama wakaitikia amina kwa nguvu. Ijumaa binti aliuliza kama kuna chochote sandukuni, maana ufunguo wa sanduku la posta alikaa nao mama. Akamwambia bado. Ilikuwa mara ya kwanza kumdanganya tangu siku alipomwambia sindano ya chanjo haiumi.

Jumanne ya wiki ya pili alikuja mzee mmoja, fundi saa mstaafu, aliyezoea kuulizia barua ya mwanawe aliyeko mbali. Dirishani alikuwepo karani mgeni, kijana mwenye haraka, akamwambia haipo, na huenda imepotea au kuna mtu ameikalia humo ndani. Mama Muhuri aliyasikia yote kutoka mezani kwake.

"Hapana, mwanangu," mzee akasema taratibu. "Maadamu yule mama yumo humo, barua yangu haiwezi kukaliwa. Kama haijafika, basi haijaandikwa."

Akavaa kofia yake akaondoka, ameridhika kabisa.

Mama Muhuri alishindwa kugonga muhuri uliokuwa mkononi. Aliingia stoo ya vifurushi, akafunga mlango, akaketi juu ya gunia. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Aliomba, ila safari hii sauti yake haikuwa ile ya Jumatano.

"Bwana, nimekudanganya. Nilikupa vyote ambavyo sivitaki. Huyu sikukupa, na hata sasa naogopa. Lakini kwa kinywa cha yule mzee umeniambia nimpe barua yake. Nitampa."

Alipotoka alikwenda moja kwa moja kwa mkuu wa posta, akamweleza kwamba ameificha barua ya mtu kwa siku nane. Mkuu alimtazama kama mtu aliyesikia mizani ikiongea. Alimwambia aandike maelezo yake, na kwamba hawezi kumwahidi kuwa jambo hilo litaishia ofisini. Aliyaandika, akatia sahihi, akaomba ruhusa ya kwenda nyumbani.

Binti alikuwa akipiga pasi sare zake. Mama hakuketi wala hakuvua viatu. Aliiweka barua juu ya meza ya pasi.

"Ilikuja Jumatatu ya wiki iliyopita," alisema. "Niliificha. Sikutaka uende. Nisamehe, mwanangu."

Binti alisimamisha pasi. Machozi yalimjaa, lakini hakuonekana kushangaa.

"Nilijua, mama. Nilifua koti lako Jumamosi. Niliikuta mfukoni, nikaitoa, na koti lilipokauka nikairudisha."

"Ukaniacha tu?"

"Nilikasirika sana. Nusura niichane bahasha palepale. Nikamwambia Mungu, kama ni yeye anayeniita, sitatoka nyumbani kwa kukuibia mfukoni. Atanipa kwa mkono wako, au sitakwenda. Imekuwa vigumu, mama. Kila ulipoingia mlangoni nilikuangalia mikono."

Mama Muhuri aliitazama mikono yake. Miaka yote hiyo alikuwa akiwafundisha wengine kujitoa kwa Mungu, na aliyejitoa alikuwa huyu, anayemfulia makoti.

Binti akafungua bahasha. Alisoma ukurasa wa kwanza akitabasamu, akafika wa pili, tabasamu likafifia. Nafasi ilikuwa yake, ila alitakiwa athibitishe kwa simu kabla ya mwisho wa Jumatatu. Jumatatu ilikuwa jana.

Mama aliomba simu, akapiga mwenyewe ile namba iliyokuwa chini ya barua. Alimwambia muuguzi mkuu wa hospitali kwamba kosa si la binti, ni la karani wa posta aliyeizuia barua, na karani huyo ndiye anayezungumza. Kisha muuguzi mkuu akasema kwamba asubuhi hiyo hiyo orodha imefungwa na jina jingine limeingizwa. Wodi ya wazazi bado ina upungufu, hilo halifichiki, lakini hawezi kuahidi kitu kwa mtu asiyemwona. Akija ataonwa, na huenda akarudi mikono mitupu. Mama akashukuru, akakata simu, akayarudia yote neno kwa neno bila kupunguza.

Binti alikunja barua. Alisema kwa upole, akitaka kumpunguzia mama mzigo, kwamba pengine Mungu mwenyewe amefunga mlango.

Huo ndio wakati ambao Mama Muhuri angeweza kunyamaza tu na binti akabaki. Alilijua hilo. Angetikisa kichwa kwa huzuni, wakala chakula cha mchana pamoja, na kesho, na keshokutwa, na hakuna ambaye angemlaumu.

"Mungu hajafunga kitu," alisema. "Ni mimi niliyefunga. Basi la kesho linaondoka saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili asubuhi. Lakini hatuna uhakika, mama. Naweza kufika nikaambiwa nirudi."

"Basi utarudi. Nenda."

Alipanda kiti, akashusha sanduku la nguo kutoka juu ya kabati, akalifuta vumbi kwa mkono wa koti. Akachukua sare iliyokwisha pigwa pasi, akaikunja vizuri, akaanza kupanga.