Asubuhi Bila Usingizi

Darasani walimwita Mto, kwa sababu kila mapumziko yakikaribia kichwa chake kilikuwa kimeshalala juu ya dawati. Alikuwa binti wa miaka kumi na minne. Mama yake, mshonaji wa kiwanda cha nguo, alitoka nyumbani kabla binti hajaamka, akimwachia mezani vipande vya mkate mweupe na chupa ya chai iliyokolea sukari. Binti alikula amesimama, akafunga mlango, akaenda zake shule.

Mwalimu alimwona mvivu wa kutupwa. Lakini mtaalamu wa lishe alipokuja kupima wanafunzi, alimwuliza anakula nini asubuhi, kisha akatikisa kichwa.

"Mwanangu, wewe si mvivu. Chai hiyo na mkate huo vinapandisha sukari mwilini mbiombio, halafu inashuka ghafla. Macho yatakosaje kuwa mazito? Kula vitu vinavyosagika tumboni taratibu: maharage, yai, karanga, mkate wa unga usiokobolewa. Na tunda litafune, usilikamue juisi."

Jumapili mama alichemsha sufuria ya maharage, binti akajifunza kukaanga yai. Wiki hiyo usingizi ukamwachia. Alifuatilia hesabu mwanzo hadi mwisho, akanyoosha mkono kujibu swali, mwalimu akabaki mdomo wazi.

Kisha kengele ya mapumziko ikalia, naye yu macho.

Zamani muda ule ulimpita usingizini. Sasa aliona kila kitu: makundi yakijipanga kwenye ngazi, wasichana wakinong'onezana, vicheko vikipasuka. Hakuna aliyemwita. Si kwamba walimchukia. Walishazoea tu kwamba hayupo. Alitafuna karanga zake mojamoja, zisije zikaisha kabla ya kengele.

Jioni mama alivua viatu, akanyoosha miguu. "Vipi, ya mtaalamu yanafanya kazi?"

"Silali tena."

"Afadhali! Mbona sasa umenuna?"

"Mama, kumbe sina rafiki hata mmoja."

 Mama alivuta kijiko, wakala maharage sahani moja.

"Hata mimi kiwandani nakula peke yangu," alisema baadaye. "Cherehani zinapiga kelele kutwa, hamsikilizani. Mashine zikizimwa, mtu huna tena la kusema."

Binti alimtazama kama mgeni aliyeingia sasa hivi. Hakuwahi kumfikiria mama yake akila huko kazini.

Kesho yake aliketi ngazi ya chini kabisa, karibu na wenzake ila si kati yao. Msichana mmoja alisogeza begi kumpisha, akaendelea na maongezi yake. Siku zilizofuata ikawa hivyohivyo. Hakuna aliyemwuliza kitu, naye hakujua aanzie wapi. Lakini hakurudi darasani peke yake. Alisubiri wote wainuke, akapanda nyuma yao.